Msiba Uliokaa Kimya Akita

Kaka yangu Gantumur alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa napiga mswaki kwenye sinki la bweni.

"Sarnai, baba hatunaye tena," akasema. "Ni moyo. Alianguka akifunga viatu kwenda kazini."

Nikatema povu. "Sawa."

"Lama wa hekaluni ametuchagulia Alhamisi kuwa siku ya kuzika. Hutawahi. Nimeona kwenye habari theluji imefunga uwanja wa ndege huko kwenu."

"Umefungwa, ndiyo."

"Na usilie, mdogo wangu. Machozi yatamzibia njia."

Nikamwahidi. Ahadi hiyo haikunipa shida, maana machozi yenyewe hayakuwapo. Nilisuuza kinywa, nikavaa buti, nikaenda kufanya mtihani wa kanji, zile herufi ngumu za Kijapani. Maneno hamsini, nilipata arobaini na tisa. Mwalimu Narita, mchoyo wa sifa kuliko wote, aliandika kwa wino mwekundu kwamba naendelea vizuri sana.

Mwaka ule tuliokuja Akita kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi tulikuwa kumi na mmoja, na Mmongolia nilikuwa peke yangu. Sikumwambia mtu. Wala si kwamba nilificha. Neno lenyewe halikunijia mdomoni. Nilikula wali wa kari kantini. Zamu yangu ilipofika nilizoa theluji mlangoni kwa koleo. Alhamisi, saa waliyokuwa wakimzika baba kwetu Erdenet, nilikuwa darasani najifunza kuomba radhi kwa namna sita, kulingana na cheo cha uliyemkosea.

Mwenzangu wa chumbani, Chinatsu, binti wa wakulima wa Yokote, alikuwa na mdomo usiojua kupumzika. "Wewe siku hizi umekuwa friji," akaniambia. "Unanguruma kidogo, basi."

Nilicheka, kwa sababu palikuwa mahali pa kucheka.

Jumapili ya pili tulikuwa tunakunja nguo.

"Wazazi wako si wanakuja mwezi wa tatu?" akauliza. "Mama anataka kujua kama baba yako anakunywa pombe ya mchele."

"Mama labda atakuja. Baba amekufa."

Akashusha taulo. "Lini?"

"Jumanne."

"Jumanne hii?"

"Ile ya kabla yake. Siku ya mtihani."

Akakaa juu ya nguo zilizokwisha kukunjwa. "We Sarnai! Siku kumi na mbili tunalala pua kwa pua, hukuniambia? Na mimi nakutania habari za friji!" Akaangua kilio. Nikamletea karatasi za kufutia machozi, nikampigapiga mgongoni. Nilikuwa nawaza kwamba nguo itabidi zikunjwe upya.

Jumamosi alinipakia kwenye treni hadi Yokote, kwa bibi yake, Bi Fumi. Bibi hakunipa pole. Aliniuliza tu kama nina picha ya baba. Nilikuwa nayo kwenye simu: amemshika kondoo pembe, anacheka. Akaiegemeza kwenye madhabahu ya nyumbani, kando ya picha ya marehemu mumewe, akaweka bakuli la wali na vipande vya figili ya kukaushwa kwa moshi, akagonga kengele ndogo.

"Karibu, bwana mgeni," akasema. "Nyama ya kondoo hatuna, utatusamehe. Mzee wangu huyo hapo, msemeshe, ila sikio la kushoto halisikii."

"Bibi!" Chinatsu akalalamika.

"Nini? Si kweli halisikii?"

Kioo cha simu kikazima. Bibi akanisukuma kidogo kwa kiwiko. "Mwamshe, mjukuu wangu."

Nikaigusa. Tukaanza kula, na kila kioo kilipozima nilinyoosha mkono kukiwasha. Nilifanya hivyo mara nyingi, sijui ngapi. Bibi alizidi kunijazia bakuli, nami nikazidi kulimaliza. Sikulia. Ila nilihisi miguu yangu ina baridi, na hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokihisi kwa siku kumi na nane. Nikamwambia Bibi. Akanisogezea blanketi la meza ya kuotea moto, ile yenye hita chini yake, nikaingiza miguu.

Nilibaki Akita hadi Agosti, nikafaulu masomo yote. Watu walishangaa kwamba sikurudi nyumbani.

Lakini siku ile ile ya Yokote, nikiwa bado nimekaa pale mezani, nilimpigia mama. Nilimwambia nimekula. Akaniuliza kama nguo nilizonazo zinatosha kwa baridi ya Akita. Nikamwambia zinatosha.