Nguzo za Mkula

Mwaka tisini na tisa nilikuwa mhariri wa kijarida cha kurasa nne tulichokichapa kwa stensili pale parokiani Ifakara. Mwandishi na msambazaji nilikuwa mimi huyo huyo, basi kichwa kilinivimba.

Jioni moja redio ilisema serikali ya nchi fulani ng'ambo inabana intaneti. Asubuhi nikapita ofisini kwa Careen, binti aliyetunza kompyuta ya kupokelea imeili kupitia laini ya simu. Ukiandikiwa, alikuchapia kwenye karatasi, ukaifuata.

"Kutoka nchi ile umepata chochote?" nilimuuliza.

"Wiki nzima hakuna kitu, Mwalimu."

Sikuuliza la pili. Niliandika kwa herufi kubwa: SERIKALI YAFUNGA INTANETI, WATOTO WETU WAZIBWA MIDOMO.

"Watoto wetu" alikuwa mmoja tu, Lukelo, mwana wa mama mmoja, Levina, wa mtaa wa Viwanja Sitini, aliyekwenda huko kusomea uinjinia. Miezi saba hakuwa ameandika, na majirani walikwisha kusema: kaoa Mzungu, kamsahau mama. Levina alibandika ukurasa wangu mlangoni. "Someni wenyewe," akawaambia. Mimi aliniletea jogoo. Nilimla.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia Mkula. Nilikwenda huko mazishini, nikamkuta Faustino, fundi wa simu, akisimamisha nguzo mpya kando ya barabara.

"Watu wamechoma mashamba, moto umekula nguzo tatu," alisema. "Ifakara haijapata simu za mbali wiki mbili sasa."

Nilirudi kwa Careen nimefura.

"Kwa nini hukuniambia laini imekatika?"

"Uliniuliza nchi moja, Mwalimu. Ungeuliza zote, ningekwambia zote hakuna."

Hasira yote ikanigeukia mwenyewe. Laini ilipotengemaa ziliingia imeili thelathini na moja, nne kutoka nchi ile ile. Moja iliandikwa na mseminari wetu mmoja aliyeko huko, kwa paroko: ni kweli kurasa za magazeti kadhaa zimefungwa, lakini imeili zinapita bila shida. Careen alizipekua zote mara mbili. Ya Lukelo haikuwepo.

Masahihisho niliyaandika siku hiyo hiyo, lakini niliona aibu Levina ayasome kabla sijamwambia kwa mdomo wangu. Nilimkuta uani anapeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu."

Nikamweleza yote: moto, nguzo, swali langu la kivivu. Ungo ulisimama.

"Kwa hiyo hakuna aliyemziba mdomo."

"Hakuna, mama. Nisamehe."

Aliinuka akaubandua ukurasa mlangoni, polepole, asiuchane. Nilimwonea huruma hata nikatamani serikali ile ingekuwa mbaya kama nilivyoiandika.

"Chapa masahihisho yako," alisema. "Ila kwanza niandikie imeili."

Nikatoa kalamu. "Nimwambie nini?"

"Mwambie nguzo ziliungua Mkula. Mwambie barua zake zote zimepotelea njiani, mama hakupata hata moja. Kwa hiyo asione aibu, aandike upya."

Nguzo zilikuwa chini wiki mbili. Lukelo alikuwa kimya miezi saba. Niliandika neno kwa neno kama alivyosema, nikampelekea Careen aitume.