Kasha la Kompyuta ya Rabia

Mwaka 2014 Rabia, muuguzi aliyepangiwa Kibondo kutoka Tanga, alikwenda Kasulu kununua kasha la kompyuta ya gemu. Mkobani alibeba kadi ya picha, kile kipande cha kompyuta kinachoonyesha gemu kwenye skrini, aliyoachiwa na mdogo wake Saady alipokwenda Omani. Kwao walicheza gemu ya mpira pamoja kila Jumapili.

Twalibu, mwenye duka, aliweka makasha mawili mezani. "Hili dogo ni jepesi, dada. Ukihama, unalipakata kwenye basi."

Rabia alilipenda. Barua yake ya kuomba uhamisho ilikuwa na miaka miwili bila jibu. Lakini kadi ilipopimwa kwa rula, ilizidi kasha dogo kwa upana wa vidole viwili, hivyo kifuniko kisingefungika. Kubwa liliimeza, na nafasi ya hewa ikabaki.

"Basi nipe kubwa," alisema taratibu.

"Unacheza na nani?"

"Peke yangu."

Twalibu alikaza skrubu za kadi ndani ya kasha. "Chukua padi mbili za kuchezea. Kibondo kuna watu, dada."

Rabia alichukua moja. Kwenye basi kasha lilikaa kiti cha pembeni yake, na mpaka Kibondo hakuna aliyemwomba alisogeze.