Vidole Viwili Kiunoni

Kwa mafundi cherehani siri ya mwili haikai. Watu wengine humtazama mwenzao usoni. Wao hutazama mishono. Ndiyo maana asubuhi ile, Sindano alipoinama kuokota bobini ya uzi iliyobingirika chini ya meza, mshona vifungo alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili asije akapiga kelele.

Gauni la Sindano, lile la bluu lenye maua meupe, lilikuwa limefumuliwa ubavuni. Alama ya mshono wa zamani bado ilionekana, mstari wa vitundu vidogovidogo, na mshono mpya umesogea nje vidole viwili. Viwili kamili!

Jina la Sindano alipewa kwa wembamba. Miaka tisa ya ndoa, magauni yake yalikuwa ya kupunguzwa tu, na mtoto hakuwa naye. Mshona vifungo akaruka hadi kwenye meza ya kukatia, alipokuwa mama mkwe wa Sindano, mwenye karakana.

"Mama! Mkweo amenasa!"

"Amenaswa na nini?"

"Mimba, mama! Kafumua gauni!"

Yule mama, ambaye kwa miaka thelathini mkasi wake haukuwahi kupotoka hata uzi mmoja, akakata mkono wa shati la mteja katikati. Wala hakujali. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Karakana ile ilikuwa na desturi yake. Mmoja wao akibeba mimba, kila fundi hutoa kipande cha kitambaa, na blanketi la mtoto huungwa kabla mwenyewe hajasema neno. Basi cherehani zikanguruma! Njano ikaungwa na kijani, mistari ikaungwa na madoa, watu wakisukumana viwiko na kucheka puani. Sindano, kule kwenye kona yake ya pindo za suruali, akadhani imeingia kazi ya haraka.

Ilipofika saa sita mama mkwe akamwita. Blanketi lilikuwa limetandazwa mezani. Sindano akalitazama, akaelewa.

Maana kulikuwa na jambo alilokuwa hajalisema. Mwaka uliopita, baada ya hospitali ya sita, yeye na mumewe waliketi ukingoni mwa kitanda wakakubaliana: basi. Lile faili la vipimo wakaliweka juu ya kabati. Tangu hapo alianza kulala usingizi wa kweli. Mume akajifunza kupika, akawa anapika sufuria zima kama ana wageni, kisha wanalimaliza wao wawili. Lakini mama mkwe angeambiwaje? Huyu ndiye aliyemfundisha kutunga uzi, aliyemwita mwanangu tangu siku ya kwanza. Sindano aliogopa kumpoteza kuliko alivyoogopa kitu chochote.

"Sema mwenyewe, mwanangu," mama akahimiza kwa furaha. "Miezi mingapi?"

Angeweza kucheka na kukwepa. Akavuta pumzi.

"Mama, sina mimba. Na hatutafuti tena. Mwanao na mimi tuliacha mwaka jana. Nimenenepa tu. Nala, nalala, nacheka."

 Mama akamsogelea, akapitisha kidole gumba juu ya ule mshono, polepole, kama anayesoma barua.

"Umeshona mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Umepinda."

"Mwanao alikuwa ananishikia kioo, akakishika juu chini. Tulicheka mpaka nikapoteza mstari."

Macho ya mama yakalowa. Kwa muda alilikunja blanketi, akalikunjua, akalikunja tena.

"Ningempenda sana huyo mtoto," akasema. "Sitakudanganya. Mimi nimezaa saba, nawapenda wote, hata yule wa nne. Ila sikumbuki siku niliyoshona gauni langu huku nacheka."

"Wangu watatu hawaniachi hata kulivaa gauni!" mshona vifungo akadakia. "Lakini mtu aniibie mmoja, aone!"

Kicheko kilichowatoka hapo kilitetemesha hadi pini kwenye visahani. Sindano alicheka na kulia kwa pamoja, akashindwa kujua kipi kilianza.

"Geuka," mama akaamuru, tayari ana wembe mkononi na futi shingoni. Akampima kiuno, akaguna. "Vidole viwili ni uchoyo. Natoa vinne, maana naona bado unaendelea."

"Na blanketi, mama?"

"Lijazeni pamba liwe mto, liwekwe kwenye kiti cha Sindano. Mwenye kukijaza kiti amepatikana." Akaanza kufumua, kisha akainua kichwa ghafla. "Jamani! Na lile shati la mteja?"

"La mikono mifupi, mama!" Sindano akajibu. "Tumwambie ndiyo fasheni!"