Ng'ombe wa Minara ya Laon

Juu ya minara ya kanisa kuu letu hapa Laon, Ufaransa, ng'ombe wa mawe huchungulia mji. Walichongwa kuwashukuru ng'ombe wa kweli waliovuta mawe yote ya kanisa kupanda kilima hiki. Kwa hiyo makumbusho ya Paris yalipotaka picha za kanisa kabla ya Pasaka, baba yangu, mpiga picha Anselme Boutry, aliapa kwamba ng'ombe lazima waingie pichani. Macho yake yalikuwa yakififia. Hii ingekuwa kazi yake ya mwisho.

Mara mbili nilipandisha kamera mnara mmoja ili niwapige ng'ombe wa mnara wa pili. Karatasi yetu ya picha, iliyopakwa nta na dawa, ilitaka mwanga zaidi ya nusu saa, na kengele zililia kila robo saa. Mnara ulitikisika. Pichani ng'ombe wakatoka kama moshi wenye pembe.

"Mzee Théodule, zinyamazishe asubuhi moja tu," nilimsihi mpiga kengele.

"We Philomène! Mji mzima ukose misa kwa ajili ya ng'ombe wasiotoa hata maziwa?"

Alhamisi Kuu watoto walipita dirishani wakigonganisha vibao badala ya kengele. "Kengele zimekwenda Roma!" walipiga kelele. Kila mwaka huambiwa hivyo, maana hazilii tena mpaka mkesha wa Pasaka. Mimi na baba tukageukiana.

"Tumezaliwa hapa," alisema, "na bado tumesahau!"

Ijumaa asubuhi Théodule alisimama mlangoni pa mnara na funguo zake.

"Kazi siku ya mateso? Dhambi, binti."

"Hao ng'ombe wamekaa na kengele zako maisha yao yote, mzee. Leo ndiyo wanapumzika. Hutaki waonekane vizuri?"

Alijikuna kidevu. "Napanda nawe. Nikuchunge."

Nilifungua lenzi. Mnara ulitulia kama mlima wenyewe. Jua likateleza juu ya pembe, shingoni, puani. Mara Théodule akatazama jua, akainuka, akaelekea kwenye kamba za kengele. Saa sita, saa yake ya kuzipiga!

"Mzee! Ziko Roma!"

Aliganda. Akaificha mikono kwapani, akakaa chini polepole, na hakuinuka tena mpaka nilipofunika lenzi.

Jioni baba aliisogeza picha dirishani, pua ikagusa karatasi.

"Pembe?"

"Zote, baba. Hata ufa wa ile ya kushoto."

"Nauona," alisema. "Philomène, nauona."

Picha iliondoka usiku ule ule, na Paris waliipokea kabla ya Pasaka. Jumapili baada ya habari kutufikia, nje ya kanisa, Théodule alimkamata kila aliyepita.

"Picha ile ni yetu. Kengele nilizinyamazisha mimi!"

"Si zilikwenda Roma?" mwoka mikate alimcheka.

"Na nani alizipa ruhusa?"

Baba alicheka mpaka akajishikiza begani kwangu. Kisha akainua uso kuelekea minara ambayo hakuiona tena vizuri, akavua kofia. Nami nilisimama wima kando yake, kwa sababu sasa ng'ombe waliojenga kanisa letu walikuwa wamefika Paris, na hakuna aliyewavuta ila sisi.