Sare Tano za Umisheni

Chama cha akina mama wa umisheni cha kanisa la Kibaptisti pale Ziwani kilipotimiza miaka hamsini, kiligundua kwamba hakina historia. Mama Shirleen, mwenyekiti kwa mwaka wa ishirini na nne, akampa Celine kazi ya kuiandika. Celine alikuwa likizoni, na shule ya bweni ilikuwa imempa Kiswahili cha heshima.

"Andika mazuri, mwanangu. Mambo ya nyanyako yaache."

Nyanya yake, Benta, alifukuzwa chamani kabla Celine hajazaliwa. Siku hizi aliketi benchi la nyuma, akitamani jambo moja tu: akifa, chama kimwimbie kaburini, na chama huwaimbia wanachama pekee.

Celine akayasoma madaftari yote. Chama kiliundwa kupeleka Injili Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda wa jiji hilohilo. Lakini mmisionari haendi popote bila sare, basi pesa za safari zikanunua kitambaa cha bluu. Zikachangwa nyingine, kufikia hapo bluu ilikuwa imechuja, ikanunuliwa zambarau. Sare tano, safari hakuna. Benta, akiwa mweka hazina, alizichukua pesa za sare ya tatu akazipeleka Mukuru zikiwa unga na Biblia. Akafukuzwa kwa kutumia vibaya fedha za umisheni.

Siku ya sherehe Celine alisimama mbele, uso umekunjamana kwa uchaji.

"Mwaka wa kwanza, Bwana alitujalia mita themanini za kitambaa cha bluu."

"Amina," wakaitikia, kama wanavyoitikia kila ripoti.

"Mukuru hatukufika."

"Amina."

"Akatujalia zambarau. Mukuru hatukufika."

"Amina."

"Dada Benta alifika, tukamfukuza. Chama kinakiri kosa na kumrudishia uanachama, mpaka kaburini."

"Amina."

Mama Shirleen alikuwa akihesabu kreti za soda. Katibu akauliza, kwa mazoea, nani anapendekeza ripoti ipitishwe. Mkono ukainuka. Nani anaunga mkono? Ikainuka mikono kumi. Muhuri ukagongwa.

"Ngoja kwanza," akasema Mama Shirleen. "Huyu mtoto amesema Benta?"

"Imeshapita, Mwenyekiti," akajibu katibu. "Kuibatilisha ni mpaka mkutano mkuu wa mwakani. Katiba ni yako."

Benta akaja taratibu na gauni lake la maua, akajipenyeza safu ya mbele.

"Itabidi ushone sare," Mama Shirleen akamnong'onezea kwa uchungu.

"Nitashona. Na kaburini mnaimba nyimbo gani siku hizi? Msije mkaniimbia ovyo."