Toa Tundu, Padri

Kila siku, robo saa kabla ya adhuhuri, Orsola Benassi alivua viatu mlangoni mwa kanisa la Mtakatifu Eligio, akajifunga vitambaa magotini, akaenda kulingojea jua sakafuni. Juu darini palikuwa na tundu lisilozidi mdomo wa chupa. Mwanga ulipita hapo ukachora duara chini, na duara lile likajikokota polepole hadi kwenye mstari wa shaba ambao marehemu baba yake, fundi mawe, aliupachika katika marumaru. Duara lilipokaa sawasawa juu ya mstari, Orsola alitia alama ya nta kwenye kingo zake mbili, akapima kwa rula, akataja namba kwa sauti. Don Prospero, padri mwenye elimu ya nyota, akaiandika.

"Toa tundu, Padri," Orsola alimkumbusha kila siku.

Maana duara hushuka likiwa limebeba upana wa tundu lililolipitisha, na asiyeutoa hulinenepesha jua kuliko Mungu alivyoliumba. Don Prospero alisahau kila siku. Akakata namba, akaandika nyingine, ndipo Gaspare mpiga kengele akavuta kamba na mji mzima ukaketi kula.

Walifanya hivyo kwa miaka kumi na tisa. Katika miaka kumi na mmoja ya mwisho, Don Prospero alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, na ukingo wa duara aliujua kwa kusimuliwa tu.

Sasa daftari lilikuwa limekaribia kujaa na mchapaji wa Bologna alikuwa akilingoja. Orsola aliomba kitu kimoja tu.

"Jina langu, Padri. Kwa herufi ndogo. Hata kama ni ukurasa wa mwisho, chini ya jina la mchapaji."

"Tutaona, binti yangu."

Lakini ukurasa wa kwanza ulikuwa na kiapo, kama vitabu vyote vya aina ile: *Haya nimeyaona kwa jicho langu na kuyapima kwa mkono wangu.* Don Prospero hakuwa mwongo, alikuwa mzee tu. Kiapo kilimkosesha usingizi. Akaamua kwamba kipimo cha mwisho, cha siku fupi kuliko zote mwezi wa Desemba, atakichukua mwenyewe, ili kiapo kiwe na ukweli hata wa siku moja.

"Leo pumzika nyumbani," alimwambia Orsola.

Orsola alirudi nyumbani akamenya njugu za kuchoma kwa kisu, kwa hasira, akajikata kidole. Aliona wivu, na hakuficha kwamba ni wivu.

Kanisani duara lilifika kwenye ukingo wa mstari likasimama. Don Prospero alipiga magoti akapapasa marumaru. Duara halikusogea. Nje, vivuli vya nguzo vililala palepale, na kuku wa sokoni walisimama mguu mmoja juu. Supu za maharage zilikauka sufuriani. Baada ya muda ambao saa ya mji iliuita saa moja na nusu, Gaspare aligonga mlango wa Orsola.

"Dada Orsola, adhuhuri imekwama. Njoo, watu wana njaa."

"Si amesema atapima mwenyewe?"

"Amesema. Jua ndilo halijakubali. Mke wangu kaunguza chungu, usinirudishe kule peke yangu."

Orsola alijifunga kidole, akaenda, akapiga magoti. Duara likapanda juu ya mstari mara moja. Akatia nta, akapima, akataja namba.

"Toa tundu, Padri."

Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Watu walizoea upesi. Orsola alipopata mafua walimpelekea mchuzi wa kuku, kisha wakambeba hadi kanisani pamoja na blanketi lake. Kuhusu jina lake kitabuni hakuna aliyesema neno, kwa kuwa hilo halikumchelewesha mtu chakula.

Mwezi wa Machi walikuja wenye elimu watatu kutoka Bologna kuchunguza jambo hilo kwa utaratibu. Siku ya kwanza mmoja wao alivaa aproni ya Orsola na vitambaa vyake vya magoti. Jua halikudanganyika. Siku ya pili Orsola alipiga magoti lakini alikatazwa kutaja namba. Duara lilipanda juu ya mstari likabaki hapo, likitetemeka, mpaka wakamruhusu kusema. Siku ya tatu waliupima mstari wenyewe wakakuta haujapinda hata unywele.

"Fundi wake alikuwa hodari," mmoja alisema.

"Alikuwa baba yangu," alisema Orsola.

Yule bwana aliandika: *fundi hodari*.

Kitabu kilitoka vuli, kikiwa na jalada la ngozi. Don Prospero alikileta kanisani mwenyewe, akiwa ameshikwa mkono, uso ukimng'aa kwa furaha ya kweli.

"Umo, Orsola! Nimehakikisha umo!"

Orsola alifuta mikono akafungua ukurasa wa mwisho. Palikuwa na jina la mchapaji, na chini yake karatasi tupu. Alifungua wa kwanza, akakuta kiapo na jina la Don Prospero kwa herufi kubwa.

"Ukurasa wa nne," alisema padri. "Wale wenye elimu wa Bologna wameshauri."

Ukurasa wa nne uliorodhesha vifaa. *Rula ya shaba, futi kumi. Timazi yenye uzi wa hariri. Nta nyekundu. Mwanamke mmoja, miaka arobaini na mbili. Atunzwe mbali na unyevu.*

Orsola aliusoma mara mbili.

"Arobaini na tatu," alisema. "Nilitimiza Februari."

"Tutasahihisha chapa ya pili," alisema Don Prospero, na alikuwa na nia ya kweli ya kufanya hivyo.

Duara lilikuwa limeshafika ukingoni mwa mstari, limesimama. Orsola naye alisimama, kitabu mkononi. Vivuli havikusogea. Kutoka juu kwenye mnara Gaspare aliita kwamba watu wameshakaa mezani. Orsola alifunga kitabu, akakiweka juu ya kiti pasipo na unyevu, akapiga magoti. Alitia nta kwenye kingo mbili, akapima, akataja namba, na jua likaendelea na safari yake.

Don Prospero aliandika.

"Toa tundu, Padri."

Padri akalitoa, akaandika namba nyingine, akatia sahihi yake.