Wigi la Dada

Dada yangu ni msusi, na shemeji kwa utani wake humwita Delila, yule aliyemchimba Samsoni siri ya nguvu zake akamnyoa. "Usinisogelee na huo mkasi," humwambia, "kesho nina kazi, nguvu zangu nazihitaji." Dada hucheka mpaka wigi linataka kumvuka.

Ndiyo, wigi. Ugonjwa ulimnyonyoa kichwa kizima, na msusi mwenye upara nani atamkalia kiti? Siri hiyo tuliijua sisi wa nyumbani tu. Kisha shosti wake, waliyekuwa wakisuka naye pamoja, akaanza kumchimba: mbona siku hizi hasukwi, kila siku wigi? Mara ya kwanza Dada alisingizia mba. Mara ya pili akasema ni joto. Mara ya tatu akamwambia ukweli.

Shosti alipohamia saluni yake mpya ng'ambo ya barabara, siri nayo ikahama. Wateja wakaanza kupungua. Jumamosi moja akaingia bi harusi na wapambe wake, na kazi yao ndiyo ingetulipia pango. Hakuketi.

"Samahani dada, eti ni kweli? Wanasema msusi mwenyewe hana nywele."

Mimi nikashika kitana nivuke barabara nikamtoe mtu meno.

"Wewe, kaa chini," Dada akaniambia.

Akavua wigi, akalitundika kwenye mashine ya kukaushia, akajifuta kichwa kwa taulo.

"Samsoni walimnyoa amelala," akasema. "Mimi niko macho. Sina hata unywele mmoja, ila mikono yangu hii hapa. Nani anaanza?"

Jamani, watu wenye roho ngumu nimewaona, lakini si kama ile. Midomo ilimtetemeka kidogo, mikono haikutikisika. Wapambe wakatazamana. Bi harusi akamwangalia kichwa, akamwangalia mikono, akavuta kiti mwenyewe.

Walipoondoka wamependeza, nilishindwa kuvumilia.

"Lakini Dada, yule mtu alikuchimba waziwazi. Ulimwambia kwa nini? Wewe na huyo Samsoni wako, wote wajinga."

Alikuwa anafagia nywele za watu. Hakuinua uso.

"Mjinga wapi? Nilijua anachimba. Nilikuwa nampenda, na nilichoka kumficha mtu ninayempenda. Aliyoyafanya na siri yangu ni aibu yake. Mimi sina."